Bidoni ya manjano ya mafuta, inaweza kuchunga asidi ya batri?

fundi_batri_Katuba

Jambo bandugu na bayaya bote. Mimi niko fundi wa batri hapa Lubumbashi, mu Katuba, natengeneza na nachaji mabatri ya mutokari na ile ya panno ya jua. Mbele nilikuwaka nanunua asidi yenye kuwa tayari, chupa moja moja, lakini sasa kazi imekuwa mingi juu umeme inakatika kila siku na kila nyumba inataka batri, njo nikaanza kununua asidi sulfuriki ya nguvu ile ya 98%, litre 60 kwa mara moja, naichanganya mimi mwenyewe na maji distile.

Shida yangu njo hii: naichunga mu mabidoni ya manjano ya litre 20, ile ya mafuta ya kupikia, tunaisafisha muzuri tunaikausha. Juma yenye kupita nilikuwa nimechanganya asidi asubui, nikainua bidoni niiweke ku kona, kishikio kikakatika hapo hapo na chini ya bidoni ilikuwa imevimba sawa tumbo. Litre mingi ilimwangika. Sakafu ya sima ikatoa povu, kiatu kikaungua, nashukuru Mungu muguu niliosha haraka na maji mingi, ngozi ilitoka kidogo tu. Mutoto wangu wa miaka 4 alikuwa amesimama ku mulango. Toka ile siku sisinzie muzuri.

Tena mu kile kinyumba ya manjanja (mabati) tunachunga byote pamoja, bibi yangu anatengenezaka sabuni, iko na mufuko ya soda kostiki ya kilo 25 na mabidoni ya javeli (dawa ya kufanya nguo nyeupe). Nauliza: asidi inafaa ikae mu nini? Plastiki gani? Chupa ya kioo? Kuko mutu aliniambia nitafute bidoni ya chuma ya esanse (petroli), ati chuma iko na nguvu. Na bile bintu bya bibi, biko salama pale?

mutoto_wa_Rwashi

Yaya pole sana. Mimi naweka asidi yangu mu chupa za maji ya kunywa za litre 5, miezi mitatu sasa haijatoboka. Chuma usijaribu, inakula.

labo_Likasi

@mutoto_wa_Rwashi ndugu yangu nakuomba leo hii hii toa ile asidi mu chupa za maji. Nitasema juu ya nini.

Nilifanya miaka mingi mu labo kule Likasi, kazi yetu ilikuwa ya kupima asidi na mchanga wa shaba, kwa hiyo hii mambo nimeiishi. Angalia chini ya chupa yoyote ya plastiki, utaona kaalama ka pembe tatu na namba ndani. Chupa ya maji ya kunywa iko na 1, wanaiita PET. Ile plastiki asidi ya 98% inaivunja pole pole, na soda kostiki yenye nguvu nayo inaikula, inakuwa nyeupe-nyeupe, ngumu, kisha siku moja unaishika inapasuka mu mukono. Miezi mitatu bila kutoboka haina maana kama iko muzima, plastiki haikupigie simu mbele ya kupasuka. Namba 2 njo HDPE, ile plastiki yenye kuonekana sawa maziwa au ya rangi, inateleza kidogo ukiishika. Ile njo inavumilia asidi sulfuriki, asidi ya batri, asidi kloridriki, soda kostiki, na javeli pia. Namba 5 ni polipropilene, ni muzuri kwa soda na kwa asidi ya batri, lakini kwa asidi ya 98% haifai kuchunga siku mingi.

Sasa fundi, mambo yako. Mara mingi bidoni ya manjano ya mafuta iko HDPE, ni plastiki yenyewe kabisa. Basi juu ya nini ilikatika? Naona mambo mbili.

Ya kwanza ni uzito. Litre 20 ya mafuta ni karibu kilo 18. Asidi ya 98%, litre moja ni kilo 1.84, kwa hiyo litre 20 inakuwa karibu kilo 37. Mara mbili! Wenye kutengeneza ile bidoni walifanya kishikio na kuta zake kwa kilo 18, wewe unaining'iniza kilo 37. Hata asidi yenye kuchanganywa, ile ya densite 1.28 (litre moja ni kilo 1.28), litre 20 ni kilo 25 na nusu. Tena bile bibidoni bimekaa ku jua mu soko miezi na miezi, jua inakausha plastiki, inakuwa sawa majani makavu.

Ya pili, naona njo hii yenye ilikuangusha: umesema ulichanganya asubui kisha ukainua. Ulichanganyia ndani ya bidoni, shi? Asidi ya 98% ikiingia mu maji inatoa moto (joto) mingi sana. Kwa asidi ya batri unatia litre moja ya asidi mu litre 3 hivi ya maji, na ukitia haraka ile kitu inaweza kupanda mpaka karibu na maji yenye kuchemka. HDPE ku ile moto inalegea, njo tumbo uliona. Haikukuliwa na asidi, ililegea na moto, na uzito ikavuta.

Kwa hiyo usichanganyie kamwe mu bidoni ya kuchungia. Tafuta baseni ya plastiki nene namba 2, uiweke ndani ya baseni ingine kubwa yenye maji baridi, maji distile iingie kwanza, asidi inafuata kidogo kidogo unakoroga na mti wa plastiki, haitoke siku uanze na asidi kisha umwange maji, itakurukia mu macho. Ngoja ipoe mpaka unagusa inje ya baseni na unasikia iko baridi. Nyuma njo unamimina mu bidoni. Usijaze mpaka juu, acha nafasi kidogo.

Bidoni ya kununua: tafuta ile nene ya buluu au nyeupe, yenye waliyouzia madawa ya viwanda, si ya chakula. Mingi inatokaka ku makampuni, inauzwa mutumba. Ku ubavu au chini iko na maandiko yenye kukandamizwa mu plastiki, inaanza na UN, sawa vile UN 3H1/Y1.9/150/23. Jifunze kuisoma, ni kitu ya dakika moja. 3 ni bidoni, H ni plastiki, 1 ya mwisho ni kwamba kichwa yake haifunguke yote, iko na mudomo mudogo. Y ni kipimo cha hatari, kwa asidi sulfuriki Y inatosha. Ile 1.9 njo ya maana sana kwako, inasema kitu cha ndani kinaweza kuwa na densite mpaka 1.9, asidi yako iko 1.84, inaingia. Ukikuta 1.2 au 1.4, ile ni ya javeli na bingine byepesi, usiitie asidi ya 98%. Ya mwisho, 23, ni mwaka iliyotengenezwa, 2023. Karibu pale kuko ka saa kadogo kenye mushale, inaonyesha mwezi.

Na bidoni za plastiki za hatari haziishi milele. Sheria za usafirishaji zinasema miaka 5 toka kutengenezwa, basi. Kwa asidi nitriki ya nguvu kupita 55% ni miaka 2 tu.

mama_sabuni_Kenya

Ndugu fundi, pole na kiatu, lakini mimi nataka nisemeshe bibi yako, umusomee hii.

Mama mwenzangu, ninafanya sabuni hapa Lubumbashi mu komine ya Kenya zaidi ya miaka 10. Nilianza sawa vile wewe, soda nilikuwaka naiyeyusha nachunga yenye kubakia mu chupa za maji. Mutoto wa jirani yangu aliingia mu lupango, jua ilikuwa kali, akaona chupa ya maji, akakunywa. Alitapika damu. Aliponea, lakini koo ilifungana, ilibidi wamufungue mara mingi ku hospitali na mpaka leo anakula chakula ya kulainishwa. Nilikuwa nimeandika ku chupa! Mutoto wa miaka 3 hajue kusoma. Nasema hii na roho inauma. Kwa hiyo kitu ya kwanza, mbele ya plastiki namba ngapi, ni hii: isifanane na kitu ya kunywa. Chupa ya maji, ya soda, ya juisi, ya lotoko, hapana. Hata kama ni ya usiku moja tu. Na kama mutu amekunywa, usimutapishe, juu itaunguza koo mara ya pili wakati inapanda, musukutue kinywa na maji, mukimbie ku hospitali.

Soda kavu, ile ya magamba, usiiache mu mufuko yenye kufunguka. Inavuta maji ya hewa, unaikuta imekuwa matope, na masika ndiyo mubaya zaidi. Ninaweka mu ndoo ya plastiki namba 2 yenye ilikuwaka na rangi ya kupaka, ile yenye kifuniko cha kukandamiza, niliisafisha mara ine. Na sufuria ya aliminiumu usisogeze! Soda inakula aliminiumu inatoa gazi yenye kuwaka, nilikuwa na sufuria ya mama yangu mukwe, asubui niliikuta na tundu. Ndoo ya bati nayo hivyo hivyo, ile rangi ya fedha juu yake inaisha.

Javeli nayo inapumua. Ukiifunga kabisa mu bidoni na jua inapiga manjanja, inavimba. Inataka bidoni yenye haipitishe mwanga, kifuniko kile chenye katundu kadogo ka kupumulia, na baridi.

labo_Likasi

Mama amesema kweli tupu. Niongeze ya manjanja, juu nilisahau: fundi, byote bitatu mu kinyumba kimoja, hapana. Asidi ikigusa javeli inatoka gazi ya klorini, mu kachumba kadogo bila dirisha inafunga mapafu. Asidi na soda ya nguvu bikikutana binachemka binaruka. Hata kama mabidoni ni mazuri, siku moja ya kumwangika inatosha kuvikutanisha chini. Asidi upande wako, bintu bya mama upande ingine, ukuta katikati, na kila kundi likae ndani ya baseni yake ya plastiki yenye inaweza kushika yote iliyo mu bidoni kubwa kupita zingine. Chini ya asidi usitie unga wa mbao ya kukauka, weka karibu mchanga na chokaa ya kutosha. Na chini kabisa, ku sakafu, si ku etajere juu ya kichwa. Mulango na kufuli.

fundi_batri_Katuba

Aksanti sana. Yaya wa Likasi umesoma mu roho yangu, ndiyo, nilichanganyia ndani ya bidoni, na nilitia haraka juu mushitiri alikuwa ananingojea. Mama, bibi amesoma, amelia kidogo, kesho asubui chupa zote zinatoka. Nimenunua ndoo mbili tayari.

Lakini iko kitu moja inanisumbua. Kila siku naona masitirna (malori ya tanki) ya asidi inatoka Zambia inapita mupaka wa Kasumbalesa inaenda ku mamine, na ile ma sitirna iko ya chuma! Kama chuma inakuliwa, bo inabeba namna gani asidi toni 30? Njo juu ya ile yule mutu aliniambia bidoni ya chuma.

mwalimu_kemia_Bkv

Habari zenu kutoka Bukavu. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimefuata haya maongezi tangu juzi na huyu fundi ameuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wananiulizaka kila mwaka, nimefurahi sana.

Asidi sulfuriki ikiwa na nguvu sana, 93% au 98%, ina maji kidogo mno. Ikigusa chuma cha kawaida inakila mara ya kwanza, kweli, lakini pale pale inatengeneza ngozi nyembamba ya salfati ya chuma inayoshika ukuta, na ile salfati haiyeyuki kwa urahisi ndani ya asidi kali, kwa hiyo inabaki pale sawa rangi na kuzuia asidi isiendelee. Ndiyo maana sitirna ya chuma inaweza kuibeba. Lakini ile ngozi ni dhaifu. Ukiongeza maji inayeyuka, na chuma kinabaki uchi, na sasa asidi ya maji maji inakila bila kusimama na kutoa hidrojeni. Asidi yako ya batri, fundi, ile ya 1.28, ingetoboa bidoni ya esanse upesi sana. Na hata ile ya 98% kwako ni hatari ndani ya chuma, kwa sababu wewe unafungua na kufunga kila siku, na asidi hii inavuta maji ya hewa kwa uchu. Ukimimina yakabaki matone ku mudomo na chini, yanavuta unyevu, yanakuwa dhaifu, na yanaanza kula pale pale. Sitirna ni chuma nene, bidoni ya esanse ni bati jembamba. Kwa kiasi chako HDPE nene ndiyo jibu.

Sasa niwaambie na ya huku kwetu, maana naona watu wengi wa Bukavu wanasoma. Hapa wenye kusafisha dhahabu wanatumia asidi nitriki, na kila kitu mulichosoma juu kuhusu plastiki, kwa nitriki kinageuka. Nitriki ya nguvu inachoma polipropilene, na hata HDPE inaichokesha, ndiyo sababu ile miaka 2 aliyoitaja ndugu wa Likasi. Kwa kiasi kidogo inakaa katika chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, maana mwanga unaivunja na kutoa moshi mwekundu-manjano unaojaza chupa na kusukuma kifuniko. Kifuniko kiwe na ndani ya plastiki ya tefloni. Usizibe na kitambaa, wala pamba, wala kizibo cha mti, kwa sababu nitriki inaweza kuwasha hivyo vitu. Usiiweke jirani na pombe, asetoni au petroli.

Na ile mchanganyiko wa nitriki na kloridriki wanaoyeyushia dhahabu, hiyo haina chombo cha kuchungia kabisa. Inaendelea kutoa gazi saa zote, ukiifunga chupa inapasuka. Inatengenezwa ya kazi ya siku ile, inje mahali pa upepo. Nimeona kijana mmoja ambaye alifunga iliyobaki akaiweka chini ya kitanda, na vipande vya kioo vilimfikia uso.

Kioo nacho kina adui zake. Soda kostiki inaikula pole pole, na kifuniko cha kioo kinagandama na mudomo mpaka huwezi kufungua, utavunja. Na asidi hidrofloriki inayeyusha kioo kabisa, hiyo iko katika dawa zingine za kutoa kutu, ukiona hilo jina ku etiketi usiihamishe katika chupa yoyote, iache katika plastiki yake na mbali na mikono yako.

soudure_Kampemba

Mwalimu nimekusoma, sasa ile hidrojeni unasema inatoka mu chuma, je, kama mutu analeta futi (pipa) ya zamani ya asidi anataka nimukatie au niunganishe tundu? Walinileteaka moja mwezi jana, niliikataa juu ilikuwa inanuka tu. Na karbire yangu ya kutengeneza gazi, ikae mu nini?

mwalimu_kemia_Bkv

Ulifanya vyema sana kuikataa, na uendelee kukataa. Futi ya chuma yenye mabaki ya asidi inaweza kuwa imejaa hidrojeni, ambayo haina harufu wala rangi, na cheche moja ya soudure inatosha kuilipua. Watu wamekufa hivyo, dunia nzima, ku kazi hii hii yako. Haioshwi kwa kutia maji kidogo na kutikisa, maana maji kidogo ndiyo yanazidisha gazi.

Karbire ni kinyume na mambo yote ya leo: adui yake ni maji. Hata unyevu wa hewa unaifanya itoe asetilini. Iache katika futi yake ya chuma yenye kifuniko kinachoshika kabisa, mahali pakavu, juu ya mbao na si chini kwenye sakafu inayopitisha maji ya mvua. Na usiifungue kwa nyundo na patasi ya chuma.

fundi_batri_Katuba

Nimerudi. Leo nilienda kutafuta mabidoni, muuzaji mumoja alikuwa nayo ya buluu, nene, nikaigeuza chini mbele yake, akanishangaa. Ya kwanza ilikuwa na Y1.4, nikairudisha. Ya pili Y1.9 lakini mwaka iliandikwa 17. Ya tatu na ya ine nimezipata: 3H1/Y1.9, mwaka 24, mushale ku mwezi wa 6. Nimenunua mbili, nitajaza litre 15-15 si 20, juu mugongo nayo iko yangu. Asidi yenye kubakia nimetia pale. Zile za manjano nimezitoboa zote ili mutu asizitumie tena.

Iko swali moja ya mwisho: kifuniko kimoja ndani yake kina raba nyeusi. Inafaa?

labo_Likasi

Kazi muzuri sana fundi. Ile raba nyeusi itoe, mara mingi ni raba ya kawaida, asidi ya 98% itaifanya matope na itaanguka ndani. Muulize yule muuzaji kifuniko chenye kina ka sahani ka plastiki nyeupe ndani, au badilisha na kifuniko cha bidoni ingine ya namna ile ile. Mpaka uipate, ile bidoni itumie kwa maji distile tu, na uandike ku ubavu na rangi, herufi kubwa, nini iko ndani na tarehe gani uliitia.